Buti ya mjengo ipimwe kwa siku inazodumu

Saa moja asubuhi, kwenye geti la eneo la ujenzi, ukaguzi huchukua sekunde chache. Mlinzi anatazama kichwani, kofia ngumu ipo. Anatazama kifuani, kizibao cha kuakisi mwanga kipo. Anatazama chini, buti zipo. Kibarua anapita. Hakuna anayemwambia ainue mguu ili soli ionekane. Angeuinua, pengine ingeonekana soli iliyolika hadi ikawa laini kama kigae, gundi iliyoachia kisiginoni, na mfuko wa nailoni uliovalishwa juu ya soksi ili kuzuia maji ya zege.

Tanzania mtu huyo anaitwa saidia fundi. Kenya ni mtu wa mjengo. Jina hubadilika kila mpaka unapovukwa, lakini buti zake zinafanana mno, na zinachakaa kwa namna ileile. Kwake buti imekuwa tiketi ya kuingilia kazini. Ikishapita getini inahesabiwa kuwa imetimiza wajibu, ingawa kazi ya mguu ndiyo kwanza inaanza.

Sheria za kanda hii hazijanyamaza kabisa kuhusu jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Uganda ina yake ya mwaka 2006 na Kenya ya mwaka 2007. Zote zinamtwisha mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Tatizo liko kwenye neno "kumpa". Kiatu kilichotolewa Januari kinaweza kuwa kimekufa kufikia Mei, lakini kwenye daftari la mkandarasi kinaendelea kuhesabika kama kiatu kilichotolewa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapozungumzia soko la pamoja la ajira, swali hili dogo linastahili jibu: kiatu kikichakaa, nani anakibadilisha, na lini?

Kiatu kinavyopimwa kikiwa kipya

Kiatu cha usalama hupimwa kimataifa kwa kiwango cha ISO 20345. Kiwango hicho kinataka kofia ya vidole, yaani lile bumba gumu la chuma au plastiki lililo mbele, ihimili pigo la joule 200. Kwa lugha ya saiti, hilo ni kama kuangushiwa mzigo wa kilo 20 kutoka kimo cha mita moja hivi. Kofia hiyo inatakiwa pia ihimili kugandamizwa kwa nguvu ya kilonyutoni 15, karibu sawa na uzito wa tani moja na nusu.

Kiatu chenye alama ya S3 huongeza mambo ambayo mjengo unayahitaji kila siku: ngozi inayochelewesha maji kupenya, soli yenye meno, na bamba ndani ya soli la kuzuia msumari, ambalo hupimwa kwa nguvu ya nyutoni 1,100. Gambuti zenye kofia na bamba la namna hiyo hubeba alama ya S5. Herufi na tarakimu hizo huchapwa kwenye kiatu chenyewe, na mtu akizisoma anajua mara moja kama anachonunua ni kinga au ni kiatu kizito tu chenye sura ya kinga.

Vipimo hivyo ni muhimu, lakini vina mpaka wake. Hufanywa kwenye sampuli mpya, maabara. Ni kweli soli hukunjwa na kusuguliwa kwa mashine, ila mashine hiyo haikanyagi zege bichi, haipandi kifusi wala haizami kwenye tope jekundu la masika. Alama ya S3 inaeleza kiatu kilikuwa na uwezo gani siku kilipotoka kwenye boksi. Haimwambii mwashi wa Mwanza au mfunga nondo wa Kigali kama kiatu hicho kitamfikisha mwisho wa msimu.

Adui watatu wa buti

Adui wa kwanza ni saruji yenyewe. Ikichanganywa na maji, ukali wake wa kialkali hupanda hadi pH 12 au 13, ukali unaokaribia wa kostiki soda ya watengeneza sabuni. Ukali huo hula mafuta yanayoifanya ngozi iwe laini. Jioni uji wa zege hugandia kwenye mikunjo ya buti na juu ya mishono. Usiku hukauka. Asubuhi mguu unapoanza kukunja, punje zilizoganda hufanya kazi ya msasa. Uzi huliwa kwanza, kisha ngozi hupasuka palepale vidole vinapokunjia, nyuma kidogo ya kofia ya chuma. Hapo ndipo buti nyingi za mjengo huanza kufa.

Ufa huo hauishii kwenye kiatu. Maji ya zege yakishapenya, hubanwa kati ya soksi na ngozi ya mtu. Kuungua kwa saruji hakushtui papo hapo kama moto. Saruji inaweza kumtafuna mtu kwa saa kadhaa kabla hajahisi, na anapovua buti jioni anakuta ngozi imebabuka. Zaidi ya hapo, saruji huwa na chembe za kromiamu ya aina inayoweza kumsababishia mtu mzio wa ngozi wa kudumu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka ukomo wa chembe 2 tu za kromiamu hiyo kwa kila chembe milioni moja za saruji. Fundi akishapata mzio huo, kila ndoo ya zege inakuwa adhabu, na wapo wanaolazimika kuacha ufundi waliousomea kwa miaka.

Adui wa pili ni unyevu. Mtu mwenye pea moja huivua saa kumi na moja jioni na kuivaa tena saa kumi na mbili asubuhi. Kwa muda huo mfupi, ngozi iliyolowa jasho na maji haikauki hadi ndani. Msimu wa mvua unapofika, buti inaweza kupita wiki nzima bila kukauka hata mara moja. Mwenyewe akitafuta nafuu anaianika kando ya jiko la mkaa au juu ya bati linalowaka jua, na hapo anaongeza tatizo, kwa kuwa ngozi hukakamaa na gundi ya soli hulainika. Ushauri wa mafundi wa zamani bado ni bora kuliko jiko: suuza saruji kabla haijaganda, jaza magazeti makavu ndani, anika kivulini penye upepo, kisha paka mafuta ya ngozi. Ushauri huo unahitaji vitu viwili ambavyo saiti nyingi ndogo hazina, yaani bomba la maji la kuoshea viatu na mahali pa kuviacha usiku bila kuibiwa.

Adui wa tatu haonekani, na huanza kazi yake kiatu kikiwa bado dukani. Soli nyingi za kisasa hutengenezwa kwa poliyurethani, kwa sababu ni nyepesi na humpunguzia mvaaji uchovu. Udhaifu wake ni kwamba unyevunyevu na joto huvunja polepole muundo wake wa ndani. Kiatu kilichokaa stoo miaka kadhaa, hasa kwenye hewa ya pwani, kinaweza kuonekana kipya kabisa, na wiki ya kwanza ya kuvaliwa soli yake ikameguka kama andazi kavu. Mnunuzi hulalamika kuwa kauziwa bandia. Inawezekana kauziwa kiatu halisi kilichozeekea kwenye boksi.

Ndiyo maana kiwango kinataka kila kiatu kiwe na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mama anayenunua maziwa ya pakiti dukani hugeuza pakiti kutafuta tarehe. Ofisa ununuzi anayeagiza pea 300 za buti anapaswa kufanya hivyohivyo kabla hajauliza punguzo.

Ipo pia mitego ya kumpa mtu kiatu kizuri kisichomfaa. Anayetandaza lami hufanya kazi juu ya mchanganyiko wenye joto la nyuzi 140 hadi 160, na anahitaji soli ya mpira uliotengenezwa kuhimili joto hilo. Anayezama kwenye zege hadi kifundo cha mguu anahitaji gambuti yenye kofia ya chuma, wala si buti ya ngozi, hata iwe ghali kiasi gani. Anayefunga nondo juu ya jukwaa anahitaji soli yenye meno yaliyo hai, kwa kuwa meno yakilika, ubao uliolowa humtelezesha kama sabuni. Mwanamke aliyepewa namba 43 kwa sababu stoo haina namba 38 hajapewa kinga. Amepewa kitu cha kumkwaza kwenye ngazi. Na bado wote hawa hupita getini kwa ukaguzi uleule: buti zipo.

Fundi wa kona na robota la mtumba

Buti inapoachia, mtu wa kwanza kuokoa siku ni fundi viatu wa kona. Hatozi sana, anafanya kazi papo hapo, na hakuna karakana ya kiwanda inayoweza kumfikia kibarua kwa haraka kama yeye. Hushona upya ulimi, hubadilisha matundu ya kamba, hupigilia kisigino. Kwa kazi hizo anaongeza wiki nyingi kwenye umri wa kiatu, na anastahili heshima yake.

Hatari huja anapobandua soli nzima na kuweka ya tairi. Tairi inadumu, ndiyo iliyozaa katambuga za Tanzania na akala za Kenya, na mzee aliyezivaa hana sababu ya kuambiwa lolote kuhusu uimara. Ila bamba la kuzuia msumari likishatolewa, au likitobolewa kwa sindano na misumari midogo, buti hiyo imerudi kuwa kiatu cha kawaida. Kwa nje inaonekana imara kuliko ilivyokuwa. Mvaaji anaamini bado ana kinga, hivyo anakanyaga mbao za fomu zilizobanduliwa juzi, misumari ikiwa imeelekea juu, kwa ujasiri ambao asingekuwa nao akiwa na ndala. Msumari wenye kutu uliozama unyayoni hauachi kidonda tu. Unaweza kuleta pepopunda, na kwa vyovyote unamweka mtu wa kulipwa kwa siku nyumbani bila kipato.

Ni vivyo hivyo kwa kofia ya vidole iliyokwisha kupokea pigo kubwa. Ikibonyea imeshalipa deni lake. Fundi anaweza kuigonga nyundo ikarudi umbo, lakini hakuna anayejua pigo la pili italipokeaje.

Njia nyingine ya wengi ni mtumba. Kariakoo, Gikomba na Owino, buti za kazi zilizotumika huja kwenye marobota pamoja na viatu vya shule na raba za mazoezi. Baadhi ni imara kweli, zenye ngozi ambayo kiatu kipya cha bei chee hakiwezi kuifikia. Lakini mnunuzi hawezi kujua zilikaa ghala gani, kwa miaka mingapi, wala zilishapigwa na nini. Soli ya poliyurethani haina huruma kwa sababu ilivaliwa Ujerumani. Umri ni umri. Na kiatu kilichokwisha kuumbwa na mguu wa mtu mwingine humsumbua mvaaji mpya kwenye kifundo na mgongo.

Kanda imewahi kuligusa soko hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo na viatu vya mtumba. Marekani ikaja juu. Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia kupandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Mjadala wote ule ulihusu zaidi viwanda, ajira na biashara ya nje. Kilichobaki chini ya meza ni mguu wa mtu anayenunua buti ya mtumba kwa sababu mwajiri wake hajampa mpya.

Hesabu ya rahisi ghali

Wenye kampuni husema kiatu bora ni ghali. Hesabu ya kitoto inatosha kulipima dai hilo. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba pea ya bei rahisi ni shilingi 35,000 za Tanzania na inadumu miezi minne ya kazi ya kila siku. Chukulia kwamba pea iliyo bora ni shilingi 90,000 na inadumu mwaka. Kwa mwaka mmoja, "rahisi" imekula shilingi 105,000, na bora imekula 90,000. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndani ya ile 105,000 hamjahesabiwa wiki za mwisho za kila pea, pale mtu anapokuwa kazini na kiatu kilichokwisha kufa huku akisubiri kingine. Ajali nazo hupenda wiki hizo.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wenye kampuni hawausemi. Anayenunua mara tatu kwa mwaka mara nyingi si kampuni. Ni kibarua mwenyewe, kutoka kwenye ujira wa siku. Kwake shilingi 90,000 za mkupuo hazipatikani hata kama anajua wazi kwamba zingemsaidia kuokoa fedha mwisho wa mwaka. Analazimika kununua kiatu kinachomtia hasara kwa sababu ndicho anachokimudu leo. Umaskini ndio unaomchagulia, na kisha analaumiwa kwa kununua vibaya.

Jumuiya ya kimataifa ililijibu hili zamani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mkataba namba 167 wa mwaka 1988, unaohusu sekta ya ujenzi peke yake, unamtaka mwajiri atoe na kutunza vifaa kinga bila malipo kutoka kwa mfanyakazi. Neno "kutunza" ndilo lenye uzito hapa. Kutoa ni tendo la siku moja. Kutunza hufuata kiatu hadi mwisho wake. Na tangu Juni 2022, mazingira salama ya kazi yamewekwa na ILO miongoni mwa haki za msingi kazini, sambamba na kukomesha kazi za kulazimishwa na ajira za watoto.

Hoja za wakandarasi

Wakandarasi wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba vibarua hawatulii. Mtu anapewa buti Jumatatu, Ijumaa hayupo, na buti zimekwenda naye au zimeuzwa. Hilo hutokea. Lakini kampuni hiyohiyo inayo njia ya kuhesabu koleo, toroli na mifuko ya saruji, kila kimoja kwa saini. Isiposhindwa kulinda toroli, haiwezi kushindwa kuandika namba ya buti na tarehe iliyotolewa. Kwa wa siku mbili tatu, gambuti za saiti zinazooshwa na kukaushwa kabla ya kuvaliwa na mwingine zinaweza kutosha. Kwa aliyekaa mwezi, kiatu kiwe chake.

Hoja ya pili ni kwamba wafanyakazi wenyewe hawazipendi buti. Ni nzito, zinachoma, zinabana. Hilo nalo ni kweli, na mara nyingi sababu ni kwamba mnunuzi aliangalia bei tu, akaleta namba tatu za watu hamsini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyenunua anavaa viatu vya ofisini. Wavaaji wachache wakipewa sampuli mbili tatu wajaribu wiki moja kabla ya oda kubwa, malalamiko hupungua na fedha haipotei.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mkandarasi mdogo, mwenye mafundi sita na nyumba moja ya kujenga, akilazimishwa kununua S3 kwa kila mtu atashindwa zabuni mbele ya mwenzake asiyenunua chochote. Hii ndiyo sababu jambo haliwezi kuachwa kwenye huruma ya mtu mmoja mmoja. Pale gharama ya buti inapokuwa hiari, mwenye utu ndiye anayeadhibiwa. Ikiwekwa kama mstari unaolipwa ndani ya orodha ya kazi na gharama zake, kwa wazabuni wote, kwa kiwango kilekile, hakuna anayeweza kushinda kwa kubana miguu ya watu.

Mipaka ni mingi, msumari ni ule ule

Mtambo wa umeme wa Rusumo, kwenye Mto Kagera, unatoa megawati 80 zinazogawanywa kwa Rwanda, Burundi na Tanzania. Ulijengwa mpakani, Ngara upande mmoja na Kirehe upande wa pili. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita nchi mbili. Reli ya kisasa ya Tanzania imekwishafika Dodoma, na mipango ya kuziunganisha bandari na nchi zisizo na bahari inaendelea. Hii ndiyo sura ya ujenzi wa kanda kwa sasa: mradi mmoja, bendera kadhaa, na wafanyakazi waliotoka pande zote.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inaruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka kutafuta kazi, na ibara yake ya 12 inazitaka nchi wanachama kuoanisha sera na sheria za kazi. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji nayo inatoa njia ya alama ya ubora ya nchi moja kutambuliwa na nyingine, iwe ya TBS, KEBS, UNBS au RSB. Kwa maneno mengine, nyumba ipo, chumba tu ndicho hakijapangwa. Kiatu kilichoidhinishwa Nairobi kinatakiwa kukubalika Kampala. Lakini mvaaji wake akivuka kwenda upande wa pili, hakuna kanuni moja ya kanda inayosema kiatu hicho kikaguliwe lini na kibadilishwe lini.

Kanuni hiyo haihitaji kitabu. Kwanza, kila buti inayotolewa saiti iwe na kadi au mstari kwenye daftari: aina, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kutolewa. Mtungi wa kuzimia moto una kadi ya ukaguzi shingoni, na hakuna anayeona ajabu. Pili, buti zikaguliwe kwa kugeuzwa mara moja kwa wiki, na dalili za kuiondoa kazini ziandikwe ukutani kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakisoma: soli imelika meno, ngozi imepasuka kwenye mkunjo, kofia imeonekana au imebonyea, soli imeachia, msumari umepenya. Tatu, kiatu kilichofikia hapo kibadilishwe siku hiyo, bila makato. Nne, zabuni zote za serikali na za miradi ya pamoja ziwe na fungu la kubadilisha vifaa kinga katika muda wote wa mkataba. Fungu la kununua siku ya kwanza halitoshi. Tano, pawepo maji ya kuoshea viatu na chumba cha kuvikaushia, kama vile ilivyo lazima pawepo choo.

Miradi ya umma ianze. Serikali ndiyo mteja mkubwa wa wakandarasi, na mkandarasi akishazoea nidhamu hiyo kwenye barabara ya serikali, ni rahisi kuibeba hadi kwenye ghorofa la mtu binafsi. Kuanza na mnunuzi wa mtumba wa Kariakoo kwa kumnyang'anya buti pekee aliyonayo ni kuanza na mtu asiyestahili.

Kuna faida nyingine iliyojificha humo. Afrika Mashariki ni kanda ya mifugo. Ngozi zipo, na kwa miaka mingi Kenya na Tanzania zimekuwa zikitoza ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi zinazosafirishwa nje ili zisindikwe nyumbani. Viwanda vipo, kama Bata kule Limuru na kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga, Moshi. Ushuru wa pamoja wa asilimia 35 ulioanza Julai 2022 uliwekwa kuzilinda bidhaa kadhaa, zikiwamo za ngozi. Ushuru hukipa kiwanda uzio, haukipi mteja. Zabuni zikidai buti zenye alama, zenye tarehe, zinazobadilishwa kwa ratiba, kiwanda kitakuwa na oda inayojulikana mwaka mzima, na mtengenezaji atashindana kwa siku ambazo kiatu chake kinadumu. Ushuru ukiachwa peke yake, bila madai hayo ya ubora, mzigo utamrudia yuleyule kibarua: kiatu cha nje kitapanda bei, na cha ndani hakitakuwa na sababu ya kuwa imara.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Waliyasema hayo kabla ya nondo, kabla ya zege na kabla ya S3, lakini msemo huo ungefaa kubandikwa kwenye kila geti la saiti kutoka Mombasa hadi Goma. Chini yake yaongezwe maneno mawili kwa mlinzi: inua mguu. Siku mlinzi atakapoanza kusema hivyo kila asubuhi, na msimamizi akawa na pea nyingine ya kumpa yule ambaye soli yake imekwisha, ndipo itakapoweza kusemwa kwamba buti zipo.